Mto Uliokuwa Likizoni

Wananchi wa Maskati wanajulishwa ya kwamba, kuanzia Jumamosi, mji wao una mito minne.

Ndivyo lilivyosema Tangazo Namba Moja la Idara ya Mito, Mifereji na Matuta, lililobandikwa kwenye mlango mkubwa wa mji mnamo Oktoba mwaka 1970. Watu walilisoma, wakatazama majabali yaliyowazunguka, wakaendelea na safari zao. Thabit bin Marhoon, karani aliyelipiga chapa tangazo hilo, hakuwa na haja ya kutazama popote. Alijua mito iko wapi. Ilikuwa kwenye faili.

Serikali ilikuwa mpya mwaka ule, na kila wiki ilizaa idara. Mtu aliyejua Kiingereza na taipureta alitafutwa kama dawa. Thabit alivijua vyote viwili, maana alikuwa karani wa barabara Unguja kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1964 alipanda meli na kuja Maskati na mkoba mmoja, na kwa miaka sita alikaa juu ya debe la samli sokoni Matrah akiwaandikia watu barua. Idara ilipompa kiti chenye mgongo, alikikalia nusu saa nzima bila kufanya kazi yoyote, ili akizoee.

Mkuu wake, Sheikh Yaarub, alikuwa amerudi kutoka Misri na cheti kikubwa ndani ya kioo. Wakubwa walipomuuliza anataka kuongoza nini, barabara zilikuwa zimeshachukuliwa, hospitali zimeshachukuliwa, na maji ya kunywa yalikuwa na mwenyewe. Ikabaki mito. Sheikh Yaarub aliipokea kwa unyenyekevu, akaagiza muhuri, meza mbili na bendera ndogo ya mezani.

Mwezi wa kwanza wa Idara haikuwako kazi. Wa pili ikaja fomu kutoka Frisia, jimbo la pwani huko Uholanzi, ambako nchi iko chini kuliko bahari na watu wanaishi nyuma ya matuta ili wasizame. Jumuiya ya watunza mito na mifereji ya huko ilikuwa imeziandikia serikali zote duniani, ikiomba kuarifiwa hali ya maji yao. Swali la kwanza lilikuwa: una mito mingapi?

Thabit aliandika sifuri. Sheikh Yaarub akaitazama ile sifuri kama mtu aliyeletewa nzi ndani ya chai.

"Hii nini?"

"Sifuri, Sheikh. Mito hatuna."

"Nani kasema hatuna?"

"Jiografia."

"Jiografia iko chini ya idara gani?"

Thabit alifikiri. Haikuwa chini ya idara yoyote, ilikuwa bado haijaundiwa.

"Basi haina idhini ya kusema," alisema Sheikh Yaarub. "Yale mabonde yanayoshuka kutoka milimani mpaka baharini, huyaitaje?"

"Wadi, Sheikh. Lakini yale ni makavu. Maji hupita siku mbili kwa mwaka, mvua ikinyesha."

"Na wewe, ya Thabit, ukienda likizo, unaacha kuwa karani?"

Thabit alifuta ile sifuri. Fomu ikajazwa: mito minne, yote ikiwa likizoni. Mifereji ikawa kumi na mmoja, baada ya kuhesabu njia za maji machafu na ngazi mbili ambazo mvua hupenda kuteremkia. Palipoulizwa nchi iko chini ya bahari kwa kiasi gani, Sheikh Yaarub alitaka iandikwe mita tatu. Thabit alieleza kwa adabu kwamba Maskati imejengwa juu ya mwamba, na kwamba kwa mita tatu wangekuwa wanazungumza kama samaki. Wakakubaliana nusu mita, kwa kuanzia.

Jawabu lilikuja baada ya wiki sita. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha uanachama, kitabu cha kanuni za maji chenye vifungu sitini na kimoja, na barua ya furaha. Jumuiya ilikuwa haijapata kusikia mito yenye nidhamu ya kwenda likizo kwa pamoja. Mhandisi wake mkongwe, Bwana Rinsma, angepita Maskati mwezi wa Disemba akiwa safarini kwenda Karachi, naye angependa kuona mfereji mmoja, wowote.

Wakubwa walipelekewa cheti, wakakitundika ukutani na kumpongeza Sheikh Yaarub kwa maandishi. Kwa hiyo mfereji ukawa ni lazima.

Sheikh Yaarub alikuwa na kiwanja Qurum. Siku hizo Qurum ilikuwa ni mikoko, hori la maji ya chumvi linaloingia kutoka baharini, na mashamba machache nyuma yake. Alikinunua mara tu baada ya kupata idara, na wataalamu, yaani yeye, waliona kwamba hapakuwa na mahali pengine panapofaa mfereji wa taifa. Vibarua thelathini walichimba kutoka horini, wakapita katikati ya kiwanja kwa hatua mia tatu, wakalundika udongo upande mmoja ukawa tuta. Maji yalipojaa, mfereji ulipendeza. Yalipokupwa palibaki tope jeusi, kaa, na harufu ambayo Idara haikuwa na neno lake.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa upande wa pili wa ua wa kiwanja, kwa Bi Mahbuba.

Bi Mahbuba alikuwa shangazi yake Thabit, dada wa baba. Walikuja meli moja. Mumewe alikuwa amerithi shamba Qurum, akafa baada ya miaka miwili, akamwachia mindimu kumi na miwili, migomba, na zamu ya maji ya falaj. Falaj ni mfereji wa mawe uliochimbwa na wazee wa zamani kuteremsha maji matamu kutoka mlimani. Wenye mashamba waliyagawana kwa zamu, na zamu zilihesabiwa kwa kivuli cha gongo lililosimikwa chini. Katika miaka yote hiyo haikuwahi kufunguliwa faili hata moja. Sheikh Yaarub aliliona hilo kuwa ni dosari kubwa, akaandika amri ya kuhamisha maji ya falaj kwa muda, yaingie katika mfereji wa taifa, na mdomo wa mfereji upande wa horini uzibwe.

Thabit aliipiga chapa amri hiyo kwa mikono yake. Kabla ya kuipeleka isainiwe, aliomba zamu ya shangazi yake isiguswe. Sheikh Yaarub alimuuliza kwa upole kama alikuwa anapendekeza kuwa shangazi wa karani ni mkubwa kuliko mto. Thabit hakuwa na pendekezo la namna hiyo. Alirudi mezani kwake, akazitenganisha nakala tatu.

Siku ya tisa Bi Mahbuba alifika ofisini. Alikuwa amepanda gari la mzigo la muuza kuni, na buibui lake lilikuwa na vumbi mpaka magotini. Akakataa kiti.

"Mwanangu, nnakuja kukuuliza jambo moja tu. Maji yangu yako wapi?"

"Yamehamishwa, shangazi."

"Yamehamishwa na nani?"

Thabit aliitazama amri. Haikutaja mtu. Ilisema yamehamishwa.

Sheikh Yaarub alisikia, akatoka chumbani kwake. Alikuwa mtu wa heshima, na kwa mama mtu mzima alisimama. "Bi Mahbuba, nakupa hongera," alisema. "Tangu wiki iliyopita wewe si mkulima wa kawaida. Wewe ni mkaazi wa ukingo wa mto."

"Na mindimu yangu?"

"Nayo pia."

Bi Mahbuba alifungua kifundo cha mtandio, akamwaga mezani ndimu saba, kavu, ndogo kama gololi, zilizopukutika kabla ya wakati wake. Sheikh Yaarub aliziangalia, kisha akaeleza kwamba malalamiko hupokewa kwa maandishi, nakala tatu.

Bi Mahbuba hakujua kuandika. Mtu aliyekuwa akimwandikia barua zake miaka yote alikuwa Thabit. Kwa hiyo Thabit alitia karatasi kwenye taipureta, akaandika lalamiko dhidi ya amri aliyoipiga chapa yeye mwenyewe, akamsomea, akamwonyesha pa kutia dole gumba. Halafu alizunguka meza, akalipokea, akalipiga muhuri, akalitia kwenye faili, na kwa kuwa kujibu nako ilikuwa kazi yake, akaandika jawabu: linashughulikiwa. Shangazi yake alimtazama akiyafanya yote hayo.

"Mkono wako mzuri," alisema. "Toka mdogo." Akaondoka na gari la kuni.

Tangu siku hiyo Thabit alikuwa akienda Qurum kila alasiri baada ya kazi, kuteka maji katika kisima cha jirani na kuyabeba kwa ndoo mbili. Ndoo mbili kwa mindimu kumi na miwili ni sawa na kumpa mgonjwa maji kwa kijiko. Shangazi alimpikia chai, akamshukuru, na wala hakumlaumu, jambo ambalo lilimuuma kuliko lawama. Migomba ilikufa mitatu.

Ofisini nako kazi ilizidi. Sheikh Yaarub alitaka mgeni akija akute kanuni za Frisia zinatumika Maskati. Thabit alizifasiri kwa Kiarabu vifungu vyote sitini na kimoja, kwa siku kumi na mbili, vidole vyake vikawa vyeusi kwa kaboni. Alipomaliza alimwomba mkuu wake azisome kabla ya kutia muhuri. Sheikh Yaarub alilipima bunda kwa mkono na kuona uzito wake unatosha. Akalipiga muhuri ukurasa kwa ukurasa, kurasa thelathini, kisha nakala zikapelekwa kwa wakubwa, na moja ikatundikwa kwenye mlango wa mji, juu kidogo ya mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kusoma.

Bwana Rinsma aliwasili mwishoni mwa Disemba. Alikuwa mzee wa miaka karibu sabini, mrefu, amepinda kidogo shingoni kama mtu aliyeishi maisha yake yote akipita chini ya madaraja. Aliomba kwanza aonyeshwe mto. Akapelekwa kwenye wadi, penye mawe na mbuzi wawili. Thabit alimfasiria kwamba mto uko likizoni. Mzee aliandika hivyo hivyo katika daftari lake, akasema kwamba mito ya kwao inafanya kazi kupita kiasi na angependa nayo ipumzike.

Qurum, kabla ya kufika kwenye mfereji wa taifa, aliiona falaj. Akapiga magoti kwenye vumbi na kukaa hapo karibu saa nzima, akipitisha kidole kwenye mawe. Aliuliza nani aliichimba, nani anaisafisha, nani anaamua zamu. Thabit alimjibu kila swali. Sheikh Yaarub alisimama kando akitazama saa, kwa kuwa sherehe ilikuwa saa nne na halwa ilikuwa juani.

Mfereji ulikuwa umejaa maji matamu ya falaj. Juu yake walielea mabata wawili wa kuazima. Kwenye tuta palikuwa na zulia, na juu ya zulia chepe jipya lenye utepe. Sheikh Yaarub alihutubia kwa muda wa kutosha. Kisha akachota udongo mara moja, akaumwaga juu ya tuta, akalichomeka chepe wima, akapigwa picha akiwa amelishika. Chepe likabaki limesimama pale pale. Yeye, mgeni na wakubwa waliofika wakaelekea kwenye hema, kwenye kahawa.

Bi Mahbuba alikuwa akiangalia kutoka upande wa pili wa ua. Aliyaona maji yake yamekaa bure na mabata. Akapita penye uwazi wa ua, akapanda tuta, akalichomoa chepe, akaanza kuchimba. Hakuchimba kwa hasira. Alichimba kama mtu anayefanya kazi iliyocheleweshwa. Tuta lilikuwa laini, na mara maji yakapata njia, yakateremka kwenda kwenye mindimu.

Hemani watu waligeuka kutazama. Sheikh Yaarub alianza kuinuka, lakini Bwana Rinsma alikuwa ameshaweka kikombe chini na ameshatoka, anatembea upesi kuliko umri wake. Alifika mbele ya Bi Mahbuba, akavua kofia, akasema maneno mengi kwa Kiingereza huku machozi yakimlengalenga. Kisha akamgeukia Sheikh Yaarub na kumuuliza jambo.

Kiingereza cha Sheikh Yaarub kilikuwa na maneno mawili, yote ya kukubali. Akayatumia yote mawili. Mzee aliuliza tena, kwa kuhakikisha, na Sheikh Yaarub, mbele ya wakubwa, akakubali kwa nguvu zaidi. Bwana Rinsma aliandika mistari mitatu katika daftari, akampa kalamu, na Sheikh Yaarub akatia saini jinsi alivyokuwa akitia saini vitu vyote. Ndipo alipomwinamia Thabit.

"Anasema nini?"

Thabit alijua jawabu linalotakiwa. Miaka kumi na mmoja ya Unguja na miezi mitano ya hapa ilimfunza: anausifu mfereji. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona shangazi yake amesimama kwenye tope, kanga ameikunja mpaka kwenye mashavu ya miguu, akiyatazama maji yanavyozunguka shina la mndimu wa kwanza na kuingia ardhini bila kubakiza kitu. Akamfasiria mkuu wake neno kwa neno.

"Anasema, Sheikh, kwao kuna sheria ya kale. Mwenye shamba akishindwa kulitunza tuta lake, hulichomeka chepe juu yake na kuondoka. Atakayelichomoa, shamba ni lake na tuta ni lake. Alikuwa akisikia tu kwa babu yake, hakuwahi kuona. Anakushukuru kwa kumfanyia heshima hiyo, na anampongeza shangazi kwa shamba."

"Hiyo ni sheria ya kwao."

"Ni ya kwetu pia, Sheikh. Kifungu cha arubaini na tatu. Ukurasa wa kumi na tisa, umeupiga muhuri."

"Na hapa nimetia saini nini?"

"Kwamba umeridhika."

Wakubwa walianza kupiga makofi, kwa kuwa mgeni alikuwa anapiga makofi. Sheikh Yaarub naye alipiga.

Bwana Rinsma aliondoka kesho yake. Sheikh Yaarub alifunga mlango akamwamuru Thabit atafute njia. Thabit alitafuta kwa uaminifu, akaleta barua mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kanuni za maji zilipigwa muhuri bila kusomwa. Hiyo haikufaa, kwa sababu wakubwa walikuwa wameshazipeleka kwenye idara nyingine kama mfano wa kanuni zilizofikiriwa vizuri. Ya pili ilisema kwamba mfereji wa Qurum si mfereji, ni handaki. Kwamba mito haipo. Na kwamba cheti kirudishwe Frisia. Ikisainiwa hiyo, kiwanja kinarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Sheikh Yaarub alikaa nayo siku mbili. Mara tatu alichovya kalamu. Mara tatu wino ulimkaukia.

Bi Mahbuba mwenyewe alikuwa tayari kukirudisha kiwanja. Alipoelezwa habari hiyo alisema ardhi ya mtu haitaki, ni haramu, na hataingia kaburini na kiwanja cha jirani. Alimtuma Thabit aseme hivyo: mfereji ufukiwe, falaj irudi njia yake ya zamani, na Sheikh achukue kiwanja chake chote. Thabit aliufikisha ujumbe. Sheikh Yaarub aliuliza, mfereji ukifukiwa, Idara itabaki na nini. Thabit alisema itabaki na bendera. Mkuu wake akafikiri sana, akaamua kwamba ardhi mtu huweza kununua nyingine.

Falaj ilirudishwa njia yake kwa amri mpya, ya mwenye tuta, yaani Bi Mahbuba. Mfereji wa taifa ukazibuliwa upande wa horini, ukabaki na maji ya hori, yakijaa na kupwa, pamoja na kaa wake. Na mambo yangeishia hapo, lakini wiki ya tatu ikaja barua kutoka juu. Mtu mmoja kule alikuwa amezisoma kanuni, akiwa wa kwanza, na kwenye kifungu cha hamsini na mbili alikuta kwamba mkuu wa maji huchaguliwa na wenye ardhi ya ukingoni. Sheikh aombwe kuthibitisha kwamba amechaguliwa.

Mwenye ardhi ya ukingoni alikuwa mmoja.

Sheikh Yaarub alifika Qurum asubuhi, na joho lake rasmi, na maombi yaliyopigwa chapa. Thabit alikuja naye kwa ajili ya kusoma. Bi Mahbuba alikuwa akisali Dhuha, wakaambiwa na jirani wasubiri barazani. Walisubiri. Alipomaliza aliwatolea kahawa na tende, akaketi, akamwambia Thabit asome. Thabit alisoma kurasa mbili.

"Anaomba nini hasa?" aliuliza Bi Mahbuba.

"Anaomba awe mkuu wa maji, shangazi."

"Maji gani?"

"Haya yako."

Bi Mahbuba alimgeukia mgeni wake, akamwangalia mikono. Hakumdhihaki. Alimuuliza kama angemuuliza mtu yeyote aliyekuja kuomba kazi: aliwahi kufungua zamu ya falaj? Anajua kuziba kwa tope na matambara bila kuvujisha? Anajua kivuli kikifika kwenye jiwe la pili ni zamu ya nani? Sheikh Yaarub alijibu kwa sauti ndogo kwamba hajui, lakini atajifunza.

"Basi njoo kesho kutwa, alfajiri, baada ya sala," alisema Bi Mahbuba. "Ni zamu ya migomba. Hilo joho liache nyumbani."

Alikuja. Alivua viatu, akakunja kanzu, akaingia kwenye mfereji wa mawe mpaka magotini, akaanza kutoa majani na tope kwa mikono, Bi Mahbuba akimwelekeza kutoka juu kwa sauti ya upole. Ilichukua mpaka saa tatu. Katika daftari la Idara, Thabit aliiandika siku hiyo kuwa safari ya kikazi.